Mahindi Yaliyolala Ndani: Kisa cha Sumukuvu Ukambani, 2004

Aprili 2004 wahudumu wa afya wa Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, walianza kupokea wagonjwa waliofanana mno. Macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo lililojaa, kutapika, miguu iliyovimba. Wengine waliletwa wakiwa wameshaanza kuweweseka, na hao wengi hawakurudi nyumbani. Dalili za namna hii humpeleka daktari yeyote kwanza kwenye virusi vya ini. Safari hii chanzo kilikuwa jikoni. Mahindi yaliyochukuliwa katika eneo lile yalipopimwa, baadhi yalikutwa na aflatoksini B1, sumukuvu inayotengenezwa na kuvu wa nafaka, hadi mikrogramu 4,400 katika kilo moja. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa mikrogramu 20. Ni mara 220.

Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Katika kila watu watano waliougua, wawili walizikwa. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Wengine walitoka Machakos, Thika na kwingineko. Katika historia ya sumu hii duniani, ni misiba michache iliyoua watu wengi kwa muda mfupi namna ile.

Tusimame kidogo kwenye ile namba 4,400, kwa sababu ukiisoma haraka inabaki namba tu. Chukua gunia la kawaida la kilo 90. Likiwa kwenye kiwango kilichoruhusiwa, sumu yote iliyomo ndani yake ina uzito wa miligramu 1.8, yaani chembe kadhaa za chumvi ya mezani zilizotawanyika katika gunia zima. Likiwa na 4,400, sumu yote inafika karibu miligramu 396. Kidonge kimoja cha parasetamoli kina miligramu 500 za dawa. Kwa hiyo gunia zima, chakula cha familia kwa wiki kadhaa, lilibeba sumu isiyofika uzito wa dawa iliyo katika kidonge kimoja, na hiyo ilitosha kuua. Haionekani kwa jicho. Haina ladha ya kumfanya mtoto asukume sahani.

Swali lililonifanya niandike kisa hiki ni jingine: sumu ilifikaje kwenye sufuria? Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi ni kwamba wakulima hawakujua kuhifadhi mahindi. Jibu hilo linaniudhi, na ushahidi wa mwaka ule hauliungi mkono. Ukifuata mahindi yale kutoka shambani hadi mezani, kila hatua utakuta mtu mwenye akili timamu akichagua lililokuwa na nafuu mbele yake. Msiba ulikuja pale chaguzi hizo zilipopangana moja juu ya nyingine.

Ukambani, eneo la Wakamba lenye Makueni na Kitui, ni nchi kavu. Kuna misimu miwili ya mvua, na mkulima wa huko huegemea zaidi mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, kwa sababu za masika mara nyingi humwangusha. Mahindi ya vuli huvunwa kuanzia mwisho wa Januari na Februari, jua likiwa kali, na jua hilo ndilo linalofanya kazi yote ya kukausha. Hakuna mashine. Kuna mwamba, ua uliofagiwa, pengine turubai, na mtoto wa kufukuza kuku. Mwaka unaokwenda sawa, hivyo vinatosha.

Mwaka ule haukwenda sawa. Kwanza ulikuwa ukame. Mhindi uliokosa maji wakati unachanua ni mhindi mgonjwa hata kama umesimama. Kuvu wa Aspergillus flavus, ambaye ndiye mtengenezaji mkuu wa aflatoksini, huishi udongoni na kwenye mabaki ya mazao mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Vumbi humpeleka juu. Anapenda joto, na mmea uliokwisha nguvu hauna kinga ya kumzuia. Hupitia ile ndevu ya mhindi kuingia ndani, au hupitia tundu lililochimbwa na mdudu. Mahindi yanapofikia kuvunwa, tayari kuvu yumo. Anachosubiri ni unyevu.

Unyevu ukaja. Februari, mavuno yakiwa yameanza, mvua ilinyesha nje ya wakati wake. Jiweke katika nafasi ya mama mwenye shamba wakati huo. Chakula cha msimu uliopita kimekwisha. Majirani nao hawana. Mahindi yaliyoko shambani hayajakauka vizuri, lakini ndiyo chakula pekee kinachoonekana kwa maili kadhaa, na usiku yanaibwa. Akiyaacha yakauke juu ya shina kama inavyopasa, atakuta mabua matupu. Akiyavuna sasa, atavuna mabichi. Akayavuna.

Sasa yako nyumbani, yana maji, na nje mvua inanyesha. Kuyaanika haiwezekani siku hiyo, na kesho mawingu ni yaleyale. Ghala la nje lipo, lile la fito lililoinuliwa juu ya miguu ili upepo upite chini na ubavuni. Ghala hilo limejengwa na watu waliojua wanachofanya. Lakini ghala liko mbali na kitanda, na mlango wake ni wa kamba. Mwaka wa njaa, nani atalaza chakula cha watoto wake nje? Akayaingiza ndani. Mengine yakarundikwa sakafuni, mengine yakatiwa kwenye mifuko ya plastiki iliyofumwa, ile myeupe iliyochukua nafasi ya magunia ya katani kwa sababu ni rahisi na hudumu.

Hapa ndipo pa kusogelea karibu. Punje ya mahindi iliyovunwa ni kitu hai. Inapumua polepole, na kupumua huko kunatoa joto na maji. Ikiwa kavu, inapumua kidogo sana, kama mtu aliyelala. Ikiwa mbichi, inapumua kwa nguvu, na chumba kidogo cha bati kilichofungwa, chenye moto wa jioni na pumzi za watu sita, hakiwezi kuutoa unyevu huo. Aliyewahi kulala chumba kimoja na rundo la mahindi mabichi anajua. Ukipenyeza mkono katikati ya rundo hadi kwenye kiwiko, juu ni baridi na ndani ni vuguvugu kama uji ulioachwa kwenye bakuli. Ukiutoa mkono, vidole vina harufu ya udongo uliofunikwa. Joto hilo ndilo analolipenda kuvu huyu, na kadiri anavyokua naye anatoa maji yake, rundo linazidi kulowana kutokea ndani. Baada ya siku chache kuna punje zimeshikana kwa utando wa kijani kinachoelekea manjano. Familia inaziona zile za juu, inazitoa, inatupia kuku, inapika zilizobaki.

Hayo ya nyumba na ghala siyasemi kwa kukisia. Wizara ya Afya ya Kenya na wataalamu wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walifanya uchunguzi wa kulinganisha: wagonjwa 40 kwa upande mmoja, na watu 80 wasiougua kwa upande mwingine, wakiwa majirani wa vijiji vilevile. Mvua iliyowanyeshea ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kwenye mahindi waliyoyala na mahali yalipolala. Katika nyumba za wagonjwa, wastani wa aflatoksini kwenye mahindi ulikuwa mikrogramu 354 kwa kilo. Kwa majirani wasiougua, 44. (Wastani huu umekokotolewa kwa njia ambayo magunia machache yaliyokithiri hayawezi kuuvuta juu peke yake.) Waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani walikuwa na hatari kubwa zaidi, kiasi cha mara 12 kwa hesabu ya watafiti. Waliotajwa ni watu 40 tu, kwa hiyo namba hiyo 12 isishikwe kama kipimo cha rula. Mwelekeo wake hauna utata.

Angalia pia ile 44 ya majirani. Hao ndio waliokuwa wazima, na bado mahindi yao yalipita mara mbili ya kiwango cha sheria. Ndiyo kusema kijiji kizima kilikuwa kinakula sumu, na hospitali ilikuwa inawaona wale tu waliokula nyingi kuliko wengine. Damu iliyopimwa ilionyesha hivyohivyo: alama ya aflatoksini iliyojishika kwenye protini za damu ilikuwepo kwa wagonjwa kwa wingi na kwa wasiougua kwa uchache.

Uchunguzi huo ulitoa jambo jingine ambalo husahaulika. Miongoni mwa wagonjwa, waliokuwa na virusi vya hepatitisi B walikuwa wengi zaidi kuliko miongoni mwa wasiougua. Ini ndilo linaloisafisha sumu hii, na katika kuisafisha huigeuza kwanza kuwa kitu kikali zaidi kinachoshika vinasaba vya seli na kuviharibu. Ini ambalo tayari linapigana na virusi halina akiba. Kwa muda mfupi na dozi kubwa, seli zinakufa kwa wingi, damu inashindwa kuganda, sumu zinapanda kichwani, mtu anaanza kuweweseka. Kwa muda mrefu na dozi ndogo, matokeo ni saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye hepatitisi B. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, lile la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Daktari anaweza kumshikilia mgonjwa tu mpaka ini lijaribu kujirudi lenyewe, na hospitali ya wilaya ya 2004 haikuwa na mengi ya kushikilia. Chanjo ya hepatitisi B ilikuwa imeingia katika ratiba ya watoto wachanga Kenya mwishoni mwa 2001, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu na kuendelea hakuwa ameipata.

Tukitoka nyumbani twende sokoni. Mei 2004 wachunguzi walizunguka masoko 65 ya eneo lililoathirika, wakanunua bidhaa za mahindi kwa wachuuzi 243, jumla ya sampuli 350. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kiwango cha 20. Asilimia 35 zilipita 100. Asilimia 7 zilipita 1,000. Na mahindi yaliyotoka mashamba ya hapohapo yalikuwa na sumu mara nyingi zaidi kuliko yaliyotoka mikoa mingine au nchi jirani.

Watu wengi wakisikia hivyo wanamlaumu mchuuzi. Mimi naona mzunguko wa fedha. Februari kuna karo ya shule, kuna deni la dukani, kuna mgonjwa. Mkulima anauza sehemu ya mavuno mabichi kwa bei ya chini kwa sababu hawezi kungoja. Aprili yake imekwisha, anakwenda sokoni na gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kununua kidogokidogo. Anachonunua ni mahindi ya jirani aliyeuza siku ileile kwa sababu ileile. Hata familia iliyokausha vizuri yake haikuwa salama ikishaingia sokoni, na mwenye mashine ya kusaga posho alisaga ya huyu juu ya mabaki ya yule.

Serikali ilitangaza hatari, ikagawa chakula cha msaada Makueni na Kitui, na maofisa wakapita kukagua mahindi, kuyakusanya na kuyaharibu. Hatua ilikuwa sahihi. Ila ugumu wake uko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa na njaa. Unamwambia mtu amwage mahindi ambayo hayanuki, hayana rangi mbaya, ambayo jana amekula na leo yuko mzima, aamini kwamba lori litafika kabla watoto hawajalala bila kula. Mahali lori lilipochelewa, sijui ni nani angemlaumu aliyeyaficha mawili matatu chini ya kitanda.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote katika kisa hiki. Haikuwa mara ya kwanza, na haikuwa hata mahali pengine. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa katika hospitali za eneo hilohilo wakiwa na manjano. Kumi na wawili walikufa. Madaktari waliofuatilia walikuta mahindi yenye sumu nyumbani kwa familia zilizoathirika, na wakaandika habari yao katika jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, mwaka 1982. Katika maelezo yao kuna jambo ambalo nikilisoma huwa nasimama: kabla ya watu, njiwa walikuwa wamekufa kwa wingi, na mbwa nao wakafa. Njiwa huokota punje zinazomwagika uani. Mbwa hula makombo ya ugali. Onyo lilipita katika ua wa kila nyumba kwa miguu minne na kwa mabawa. Miaka 23 baadaye, katika vilima vilevile, hapakuwa na kituo cha kupima mahindi karibu na mkulima, wala utaratibu wa kumuuliza mtu wa kijiji kama njiwa wamepungua.

Kuna sababu ya kibiolojia pia iliyofanya vilima hivyo virudie kuumia. Watafiti waliochunguza kuvu waliotoka kwenye mahindi ya 2004 walikuta kwamba aina iliyotawala ni ile inayoitwa aina ya S, yenye vipande vigumu vidogovidogo vingi vya kulala udongoni wakati wa kiangazi. Aspergillus flavus si wote walio sawa. Wapo wasiotengeneza sumu kabisa, wapo wanaotengeneza kiasi, na wapo hawa wa S ambao hutengeneza kwa wingi sana. Utafiti huo, uliochapishwa 2007, ulieleza kwa nini mahindi yanayoonekana na ukungu uleule wa kijani yanaweza kuwa na madhara madogo pahali pamoja na kuua pahali pengine. Pia ulifungua mlango wa kinga. Kama kuvu wanashindana kwa nafasi shambani, basi unaweza kuwatanguliza wale wasio na sumu.

Kinga hiyo leo ipo. Inaitwa Aflasafe, kazi ya taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani na watafiti wa nchi husika. Ni punje za mtama zilizouawa ili zisiote, zikapakwa kuvu wa kienyeji wasiotengeneza sumu. Unazitupa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu hao wanaamka, wanakula mtama, wanatoa mbegu zao na kuwahi ndevu za mahindi kabla ya wale wabaya. Kenya ilisajili yake mwaka 2015, Tanzania ikafuata 2018, kila nchi kwa kuvu wake, kwa sababu ule wa udongo wa hapa ndio unaoizoea hali ya hapa. Naipenda dawa hii, na wakati huohuo naogopa inavyosifiwa kana kwamba imemaliza kazi. Inapunguza sana sumu shambani na baadaye ghalani. Haikaushi mahindi. Haimlindi mama dhidi ya mwizi.

Na jikoni je? Hili huulizwa kila mahali, kwa hiyo acha nilijibu moja kwa moja. Kupika hakuiondoi. Aflatoksini inavumilia joto kupita kiasi cha sufuria yoyote; ugali uliosongwa saa nzima unabaki na sumu yake. Kukaanga, kuchemsha, kuoka, kusaga, kuchachusha kuwa pombe, hakuna kati ya hayo la kutegemea. Kuchagua punje kunasaidia, na kunasaidia kwa sababu maalumu: sumu haijagawanyika sawasawa. Gunia linaweza kuwa na punje nyingi safi na chache zilizobeba karibu sumu yote. Ukitoa zilizooza, zilizotobolewa, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, unatoa sehemu kubwa ya hatari, ingawa baadhi ya zenye sumu zinaonekana safi. Mgawanyo huo ndio unaofanya upimaji nao uwe mgumu. Ofisa akichota konzi moja juu ya gunia anaweza kukosa kabisa punje yenye sumu, akaandika cheti kizuri, na hajasema uongo.

Wakamba wana chakula chao, muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka ganda na kiini vikatoka. Utafiti uliofanywa Kenya baada ya mkasa ule ulionyesha kuwa kutwanga huko kulipunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani, mara nyingine zaidi, mara nyingine kidogo tu, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Ni maarifa ya bibi zetu yanayostahili heshima. Lakini nusu ya 4,400 ni 2,200. Na mwaka wa njaa mtu hatwangi ganda alitupe. Anasaga zima, unga uongezeke. Yale makapi nayo hulishwa ng'ombe au kuku. Ng'ombe wa maziwa aliyelishwa nafaka yenye aflatoksini hutoa maziwa yenye sumu iliyogeuka umbo, na maziwa hayo yanarudi kwa mtoto yuleyule uliyemkinga kwenye ugali.

Baada ya 2004 ugonjwa ulionekana tena Ukambani mwaka 2005 na 2006, kwa wagonjwa wachache zaidi. Mwaka 2010 mvua zilikuja vibaya wakati wa mavuno, na magunia kama milioni 2.3 yakatangazwa kuwa hayafai. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania: wilaya za mikoa ya Dodoma na Manyara, nazo nchi kavu, walaji wakubwa wa mahindi ya kujilimia. Wagonjwa 68, vifo 20. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda mpakani kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni, kisha baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti ya cheti kinachoonyesha kiwango kisichozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa siku hizo chache kila redio ilizungumzia aflatoksini. Waliozungumziwa walikuwa wafanyabiashara. Anayelima ekari moja na kula alicholima hapiti mpakani, hapewi cheti, na gunia lake halipimwi na mtu.

Ndiyo maana narudi kwenye nyumba. Ushauri uliotolewa baada ya mkasa ulikuwa: kausha, usiweke sakafuni, usihifadhi ndani. Wa tatu hauwezi kufuatwa na mtu anayeibiwa. Kama kijiji kingekuwa na banda moja la kukaushia, lenye paa na sakafu ya saruji na mlinzi anayelipwa na wote, au kikausho kimoja cha kuzungushwa kwa trekta msimu wa mvua za ghafla, yule mama wa Februari angekuwa na chaguo jingine. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo Tanzania wanaiita kinga njaa, inasaidia sana, na inakaa vizuri ndani ya nyumba. Sharti lake moja: mahindi yaingie yakiwa makavu. Mahindi mabichi ndani ya mfuko uliofungwa yataoza yote.

Ukavu huo mama yangu alikuwa anaupima kwa jino. Aling'ata punje, akasikiliza. Ikivunjika kwa mlio mkali, sawa. Ikibonyea, inarudi juani. Kipimo cha jino kinahitaji miaka ya mazoea, kwa hiyo nampa asiye na mazoea kingine. Chukua chupa ya kioo safi iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka juani. Funga, tikisa kwa dakika moja au zaidi, kisha iweke chini robo saa. Tazama ubavuni mwa chupa. Chumvi ikiwa imeshika kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani juu ya turubai, yageuze kila baada ya saa moja, na yafunike kabla umande haujashuka. Isiposhika, bado yaanike siku moja au mbili zaidi, kwa sababu kwa kuhifadhi miezi mingi unataka maji yashuke hadi kama asilimia 13. Chukua punje za kupima kutoka katikati ya rundo, pale mkono unapofika kwenye kiwiko.